Tugawane nauli, tusigawane vidonge



Katika vijiji vyetu, kuanzia milima ya Kingerikiti hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, kuna ukarimu mmoja ambao hakuna anayeukemea. Mtu ameandikiwa antibiotiki za siku tano. Siku ya pili homa inashuka, siku ya tatu hamu ya kula inarudi, na vidonge vilivyobaki vinafungwa kwenye kikaratasi na kuwekwa akiba. Wiki mbili baadaye mtoto wa jirani anakohoa. Kikaratasi kinafunguliwa, vidonge vinatolewa, na mama wa mtoto anashukuru kwa moyo wote. Aliyetoa naye anarudi nyumbani akijua ametenda tendo la huruma.

Tunaomba kusema jambo ambalo huenda lisipendeze masikioni: hiyo si huruma, hata kama imetoka katika moyo mwema. Wagonjwa wawili wameachwa na matibabu nusunusu. Mmoja hakumaliza dawa aliyoandikiwa, na mwingine amemeza dawa ambayo hakuandikiwa, kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeupima, kwa kiasi ambacho hakuna aliyekihesabu. Maoni yetu ni kwamba wakati umefika parokia na jumuiya zetu ndogo ndogo zilione suala la dozi kuwa suala la upendo wa jirani. Moyo wetu wa kugawana tuuhifadhi, ila tubadilishe kile tunachogawana.

Mkoa wetu ulitangulia

Wengi wetu tumezoea kusikia kwamba mambo mapya huanzia Dar es Salaam, nasi Ruvuma tunafikiwa mwishoni. Katika jambo hili haikuwa hivyo. Mwaka 2003 mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulianza kwa majaribio katika mkoa wetu wa Ruvuma, chini ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Wakati huo mwambao wa Nyasa ulikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Mbinga. Baada ya kuonekana unafaa, mpango huo ulisambazwa katika mikoa mingine.

Wazee wanayakumbuka maduka ya dawa baridi yaliyokuwapo kabla. Kisheria yaliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti tu, lakini antibiotiki ziliuzwa humo, mara nyingi na mtu asiyekuwa na mafunzo. Duka la Dawa Muhimu lilikuja na masharti: jengo likaguliwe, mtoa dawa apewe mafunzo, na dawa chache za cheti, zikiwamo baadhi ya antibiotiki, ziruhusiwe kuuzwa kwa utaratibu. Lengo lilikuwa kwamba mtu wa kijijini, aliye mbali na hospitali, apate dawa salama bila kusafiri siku nzima.

Kwa hiyo leo mtu anaposimama mbele ya kaunta na kusema, “Nipimie amoksilini ya mia tano,” anavunja kitu ambacho mkoa huu ulikijenga kabla ya wengine. Na mtoa dawa anayempimia vidonge vitatu au vinne ili asimpoteze mteja anakivunja pia. Wako waamini wenzetu wenye maduka haya. Tunajua kwamba ukikataa kuuza nusu dozi, mteja huenda akavuka barabara na kuipata kwingine. Hata hivyo, muumini mwenye duka anayeuza dozi nzima tu, na anayemwelekeza mteja zahanati asipokuwa na cheti, anatoa ushuhuda wa imani kila siku ya kazi, hata kama hakuna anayempigia makofi.

Nusu dozi inavyomgusa jirani

Mtu anaweza kuuliza: mwili ni wangu, dawa nimenunua kwa fedha yangu, jirani anaingiaje hapo? Jibu alilitoa zamani mtu aliyegundua penisilini. Alexander Fleming aliigundua dawa hiyo London mwaka 1928. Desemba 1945, alipopokea Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake Florey na Chain, alitoa mhadhara, na ndani yake akaweka mfano wa mtu wa kubuni. Mtu huyo anaumwa koo. Ananunua penisilini mwenyewe na kuitumia kidogo, isiyotosha kuwaua bakteria lakini inayotosha kuwazoesha dawa. Kisha anamwambukiza mke wake. Mke anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini, dawa haifanyi kazi, naye anafariki. Fleming aliwauliza wasikilizaji wake ni nani aliyesababisha kifo hicho, na jibu lake lilikuwa kwamba ni mume, kwa uzembe wake wa kutumia dawa.

Tuone jinsi mfano huo unavyofanya kazi. Katika maambukizi bakteria hawalingani nguvu. Dawa inapoingia, walio dhaifu hufa mapema, na hapo ndipo mgonjwa anapojisikia nafuu. Wenye nguvu huchukua muda zaidi. Dawa ikikatwa mapema mno, au ikimezwa pungufu, hao wenye nguvu ndio wanaobaki na kuzaana. Na hata mtu anapomeza antibiotiki bila kuwa na ugonjwa unaoihitaji, bakteria wa kawaida waishio tumboni na kwenye ngozi huzoea dawa hiyo, na baadaye huweza kupita kwa mwingine kupitia mikono, maji na chakula. Ndiyo maana wataalamu hawasemi kwamba mtu amekuwa sugu. Wanasema vimelea vimekuwa sugu, na vimelea hutoka nyumba moja kwenda nyingine bila kubisha hodi.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walifariki moja kwa moja kutokana na maambukizi ya bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa na kiwango kikubwa cha vifo hivyo kuliko kwingine. Serikali yetu ilitoa mpango kazi wa kwanza wa taifa dhidi ya usugu wa vimelea mwaka 2017, na wa pili ni wa mwaka 2023 hadi 2028. Wengi wetu tumekwisha kusikia pia kaulimbiu ya “Holela-Holela Itakukosti.” Ni kaulimbiu nzuri, ila tungeongeza neno moja: mara nyingi inayemkosti ni jirani, mtoto mchanga, au mama aliyetoka kujifungua kwa upasuaji na anayeihitaji dawa ileile ifanye kazi.

Kabla ya kumeza

Usalama wa dawa huanza kwa maswali. Antibiotiki huua bakteria. Haziui virusi vya mafua, na hazitibu malaria. Kwetu mwambaoni, ambako malaria haijatuacha, homa ipimwe kwanza. Kumeza antibiotiki na dawa ya mseto kwa pamoja “ili kimojawapo kipate” ni kupiga gizani.

Mganga akikuandikia dawa, mwulize bila woga: Hii ni ya ugonjwa gani? Nimeze mara ngapi, kwa siku ngapi? Nile kwanza au la? Kuna kitu cha kuepuka? Tunakubali kwamba hata baadhi ya watoa huduma huandika antibiotiki haraka kuliko inavyopasa, wakati mwingine kwa sababu mgonjwa mwenyewe hataki kuondoka mikono mitupu. Swali la heshima linawasaidia wote wawili. Na ukiambiwa huhitaji antibiotiki, usidhani umedharauliwa. Huenda hiyo ndiyo huduma bora uliyopata siku hiyo.

Nawe una mambo ya kumweleza. Mwambie kama una mimba au unanyonyesha, kama una ugonjwa wa figo au ini, na kama unatumia dawa nyingine: za kifua kikuu, ARV, za moyo, hata mitishamba. Mwambie kama uliwahi kuvimba uso, kubanwa pumzi au kutoka vipele vya kuwasha baada ya sindano au kidonge. Mwenye mzio wa penisilini ajue kwamba amoksilini na ampisilini ni za ukoo huohuo. Anayepokea kidonge kwa jirani haulizwi lolote kati ya haya.

Wakati wa kumeza

Kwenye bahasha ya dawa mara nyingi huandikwa 1x3 au 2x2. Namba ya kwanza ni idadi ya vidonge, na ya pili ni mara ngapi kwa siku. Mara tatu maana yake ni kila baada ya saa nane kadiri inavyowezekana, kwa mfano saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Wengi humeza na chai, na chakula cha mchana na cha jioni, kisha mwili unakaa usiku kucha na dawa inayozidi kupungua. Kengele ya Malaika wa Bwana hulia saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni. Kwa dawa ya mara mbili kwa siku, kengele ya asubuhi na ya jioni zinatosha hata kwa asiye na simu wala saa. Kwa dawa ya mara tatu hazitoshi, maana ile ya usiku haina kengele. Hapo mtu wa nyumbani akumbushe. Na mvuvi anayekesha ziwani na taa abebe kidonge chake cha usiku katika mfuko usioingiza maji, pamoja na maji safi ya kunywa.

Ukisahau, meza mara unapokumbuka. Kama wakati wa kidonge kinachofuata umekaribia, ruka kilichosahaulika na uendelee na ratiba. Usimeze viwili kwa mpigo ili kufidia.

Dawa hazifanani. Metronidazoli, ambayo wengi huiita Flagyl, haipatani na pombe. Si bia tu, hata ulanzi na komoni, na inashauriwa kungoja siku mbili baada ya kidonge cha mwisho. Doksisaiklini imezwe kwa maji ya kutosha, mtu akiwa ameketi au amesimama, na asilale kwa angalau nusu saa, kwa sababu kidonge kikikwama kooni huunguza. Mjamzito asiitumie isipokuwa mtaalamu ameamua hivyo. Siprofloksasini na doksisaiklini zisimezwe pamoja na maziwa, vidonge vya kuongeza damu au dawa za kiungulia, kwani hivyo huzuia dawa isiingie mwilini vizuri.

Kwa watoto tuwe makini zaidi. Vidonge vya amoksilini vya kuyeyusha huwekwa katika maji safi kidogo, na mtoto anywe yote mara moja. Dawa ya unga ya kuchanganya kwenye chupa iongezwe maji yaliyochemshwa na kupoa hadi alama iliyowekwa, itikiswe kila mara kabla ya kutumiwa, na ipimwe kwa kikombe au bomba lililokuja nayo. Vijiko vya jikoni havilingani. Muda ulioandikwa ukipita, kilichobaki kisitumike tena.

Tumbo kuchafuka kidogo, kichefuchefu au ladha ya chuma mdomoni ni maudhi madogo madogo yanayojulikana. Ukiyaona, usikate dawa kimyakimya. Rudi ukaulize, huenda ukabadilishiwa. Lakini uso au ulimi ukivimba, pumzi ikibana, vipele vikienea mwilini, au kuharisha kukawa kukali au kwa damu, acha kumeza na uende kituo cha afya mara moja, ukiwa na pakiti ya dawa mkononi.

Je, lazima kumaliza hata kama umepona? Meza kwa siku zote ulizoandikiwa, usipunguze wala usiongeze. Ni kweli kwamba kwa baadhi ya maradhi wataalamu wamefupisha siku za dawa baada ya utafiti. Lakini aliyefupisha ni mtaalamu aliyepima na kuhesabu. Nafuu ya siku ya tatu haina mamlaka hayo.

“Lakini sisi ni maskini”

Kuna pingamizi la haki, nasi hatutaki kulipita kama kuhani na Mlawi walivyompita mtu aliyelala njiani. Mtu atasema: zahanati ni mbali, mvua zimeharibu njia, fedha ya kahawa haijaingia, na duka halikopeshi. Kati ya kidonge cha jirani na kukosa kabisa, si bora cha jirani?

Tunajibu hivi. Mtoto anayepumua haraka, anayebonyea mbavu anapovuta pumzi, anayeshindwa kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au aliyelegea, hatasaidiwa na vidonge vitatu vya kikaratasi. Vidonge hivyo vinaweza kuwapa wazazi matumaini ya uongo kwa siku mbili, na siku hizo mbili ndizo alizohitaji kufikishwa kituoni. Mtoto mwenye mafua ya kawaida naye hakuhitaji antibiotiki hata moja. Kwa hiyo kidonge cha jirani mara nyingi ama hakitoshi ama hakihitajiki. Kinachokosekana kwa mgonjwa maskini ni nauli ya bodaboda, mtu wa kumsindikiza, na fedha ya kulipia dozi yote. Hivyo vyote jumuiya inaweza kuvitoa.

Hapa ndipo tunapotaka kulitua jambo lenyewe. Jumuiya zetu huchangia msiba bila kuulizwa mara mbili. Unga, kuni, jeneza na usafiri vyote hupatikana, hata wakati wa njaa. Kama tunaweza kumchangia marehemu kwa siku tatu, tunaweza kumchangia mgonjwa vidonge vya siku tano. Tunapendekeza kila jumuiya itenge fungu dogo, hata likiwa la shilingi mia mia kila wiki, kwa kazi moja tu: mwanajumuiya aliye na cheti asitoke dukani na nusu dozi. Fedha ikabidhiwe kwa mtu mwaminifu, na dawa inunuliwe yote mara moja kama cheti kinavyosema.

Pili, tunapomtembelea mgonjwa, baada ya sala tuulize, “Vidonge vimebaki vingapi, na vinaisha lini?” Ni swali fupi, na linaonyesha kujali kuliko “pole” kumi. WAWATA na VIWAWA, ambao tayari hutembelea wagonjwa, wangelichukua swali hili kuwa sehemu ya utume wao.

Tatu, vikaratasi vilivyomo ndani ya nyumba vitoke. Virudishwe zahanati au kwenye duka la dawa. Visipewe jirani, visipasuliwe na kunyunyizwa kwenye vidonda, visipewe kuku. Mdondo unaoua kuku wetu husababishwa na virusi, na kinga yake ni chanjo, haukomi kwa vidonge vya binadamu. Kwetu seminarini pia, vidonge visizunguke bwenini kutoka sanduku hadi sanduku. Mseminari anayejiandaa kuwahudumia wagonjwa aanze kwa kumpeleka mwenzake kwa mhudumu wa afya.

Nne, tutumie kalenda tuliyo nayo. Kila mwaka tarehe 18 hadi 24 Novemba dunia huadhimisha wiki ya uhamasishaji kuhusu usugu wa vimelea, siku ambazo nasi tuko karibu na Sherehe ya Kristo Mfalme. Tarehe 11 Februari ni Siku ya Wagonjwa Duniani, aliyoianzisha Papa Yohane Paulo II mwaka 1992. Dakika kumi za mganga wa zahanati wakati wa matangazo zinaweza kuokoa watu ambao hatutawajua kamwe.

Imani yetu haitutengi na dawa. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu, na kwamba dawa zatoka katika ardhi aliyoiumba Bwana. Na yule Msamaria wa Injili ya Luka hakuishia kumfunga jeraha yule mtu na kwenda zake. Alimpandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili, na akaahidi kwamba gharama yoyote itakayozidi ataimalizia akirudi. Huruma yake ilikuwa na hesabu, na ilifika mwisho. Basi jirani akibisha hodi usiku kuomba vidonge vilivyobaki, tumkaribishe, tumsikilize, kisha tutoe nauli na tumsindikize.